SWICHI YA MTANDAO NI MALI YA KIKUNDI: TUITUNZEJE?

Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya mwambao wa ziwa, mjini Kisumu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Vikundi kadhaa, kuanzia Ahero hadi Asembo Bay, vimetuomba tuzungumzie kile kisanduku chenye taa za kijani zinazokonyeza usiku kucha. Wengi wenu mmefungua kituo. Mna kompyuta tano au sita, mashine ya kuchapisha, na wateja wanaokuja kujaza fomu za eCitizen na za KRA. Katika chumba hicho hicho mweka hazina anaweka hesabu za chama. Sasa fundi amewaletea bei ya swichi "ya kuongozwa", bei mara kadhaa ya ile ya kawaida, nanyi mnauliza: tunaihitaji kweli, au tunaliwa?

Ni swali la haki. Pesa hizo ni za omena na za mboga, hazikuokotwa. Kwa hiyo tutaanza na namna kisanduku hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu mtu akishaelewa kazi yake hawezi kudanganywa bei kwa urahisi.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hii si swichi ya ukutani ya kuwashia taa. Mama mmoja alituambia alidhani akiibonyeza kompyuta zote zitazimika, na hakuwa mbali sana na ukweli, maana ikifa hii, kituo chote kimelala.

Itheneti ni makubaliano tu ya namna kompyuta zilizo jirani zinavyozungumza kwa waya. Ilianzia California mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox, na Robert Metcalfe na David Boggs ndio waliokuwa mbele katika kazi hiyo. Siku zile kompyuta zote zilining'inia kwenye waya mmoja mnene. Moja ikisema, zote zinasikia. Mbili zikisema kwa pamoja, maneno yanagongana, kila moja inanyamaza kidogo kisha inajaribu tena. Baadaye kikaja kisanduku kilichoitwa habu, lakini tabia ilikuwa ile ile ya kelele. Mwaka 1990 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Kalpana ikaanza kuuza swichi ya itheneti, na mwaka 1994 kampuni kubwa ya Cisco ikainunua Kalpana. Hiyo ndiyo asili ya hivi visanduku.

Tofauti ya habu na swichi mnaijua tayari, ila hamkujua kwamba mnaijua. Nendeni Dunga alfajiri mashua zikifika. Kuna mtu anayesimama ufuoni na kupaza sauti, "Mbuta za Mama Fulani zimefika!" Ufuo wote unasikia, na wanaopiga bei wanakatizwa. Hiyo ni habu. Lakini kuna karani mwingine, mtulivu, anayejua kila mchuuzi anaketi wapi. Yeye huchukua samaki akawapeleka moja kwa moja kwa mwenyewe, huku wengine wakiendelea na biashara yao. Huyo ndiye swichi.

Karani huyu amejuaje? Hakuna aliyemwandikia orodha. Kila kompyuta ina anwani iliyopewa kiwandani, yenye herufi na tarakimu 12, mara nyingi imebandikwa chini yake au nyuma. Kompyuta ikituma neno la kwanza, swichi inasoma anwani ya mtumaji na kuandika katika daftari lake: huyu yuko tundu la 3. Neno likija la kwenda kwa asiyemjua bado, inalipeleka kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikotoka, kisha inangoja ione nani atajibu. Akijibu, naye ameandikwa. Mtu akikaa kimya, kwa swichi nyingi kama dakika 5, jina lake linafutwa hadi aseme tena. Ndiyo maana mnaweza kuhamisha kompyuta kutoka tundu moja hadi jingine na mambo yakaendelea bila kumwita fundi. Akidai pesa za "kusajili upya" katika swichi ya kawaida, muulizeni anasajili nini.

Haya. Kabla hatujaingia katika aina na sifa zake, tunataka mjue kwamba kisanduku hiki kiliwahi kuleta mvutano mkubwa hapa Kenya. Mpaka mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama ofisi zao zinatazamana barabarani, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, kisha ikarudi. Tulikuwa tunalipa nauli ya Ulaya au Marekani ili kuvuka barabara! Mwishoni mwa mwaka huo makampuni hayo, kupitia chama chao TESPOK, yakafungua mahali pa kukutania paitwapo KIXP. Kiini cha mahali pale kilikuwa swichi ya itheneti. Kila kampuni inaleta laini yake, inaunganishwa, basi. Hazikupita wiki nyingi, Telkom Kenya, ambayo wakati huo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kubeba mawasiliano ya kwenda nje, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ya CCK ikaamuru pafungwe. Pakafunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupata leseni. Safari ya ujumbe ambayo ilikuwa ikichukua sekunde nzima au zaidi ikashuka hadi sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mnaona hapo? Ubishi haukuhusu waya wala taa. Ulihusu ni nani anayeruhusiwa kuweka mahali pa kukutania, na kwa masharti ya nani. Yale makampuni ni washindani, lakini yalikubali kuweka kisanduku kimoja chini ya chama chao, kwa taratibu zilizoandikwa. Katika vituo vyenu mambo ni yale yale, kwa kipimo kidogo.

Tuwape mfano wa karibu, bila majina. Kuna kikundi cha akina mama kando ya ziwa kilichokuwa na swichi ya kawaida ya matundu 8. Kompyuta ya mweka hazina na kompyuta za wateja zote zilichomekwa humo. Mweka hazina alikuwa amefungua folda yake ili katibu aweze kuchapisha kutoka meza ya pili. Kijana wa shule, mteja, akacheza cheza na kompyuta, akaiona folda, akafungua orodha ya mikopo. Hakuiba hata senti. Ila siku ya soko iliyofuata majina ya waliochelewa kulipa yalikuwa yanatajwa kwenye vibanda. Mama mmoja aliyekuwa amekopa kwa ajili ya matibabu ya mumewe aliacha kuja mikutanoni. Alimaliza deni lake lote kwa kumtuma mtoto, lakini yeye mwenyewe hakurudi tena.

Swichi ile haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake barabara: ilimpeleka kila mmoja kwa kila mmoja. Swichi ya kawaida haijui kwamba huyu ni mwanachama na yule ni mteja. Na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data hapa Kenya, inayomtaka anayeweka habari za watu azilinde. Hesabu za mikopo ya wanachama zimo humo, msidhani sheria hiyo ni ya mabenki tu.

Basi hapa ndipo swichi ya kuongozwa inapopata maana. Sifa yake kubwa kwenu ni kugawanya. Kisanduku ni kimoja, lakini unakiambia: matundu 1 hadi 3 ni ya ofisi, 4 hadi 8 ni ya wateja, na hawa wasionane. Mafundi huita migawanyo hiyo vilani. Ni kama ukumbi uliowekewa ukuta katikati, mlango wa huku haufungukii kule. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa mafundi wengi huishia nusu ya kazi. Pande zote mbili hutumia intaneti moja, kwa hiyo zote zinapita kwenye ruta. Ruta nayo lazima iambiwe isivushe mtu kutoka upande wa wateja kwenda upande wa ofisi. Isipoambiwa, mmejenga ukuta mkaacha dirisha wazi. Fundi akisema amemaliza, kaeni kwenye kompyuta ya mteja mjaribu kufikia ile ya ofisi. Ikifunguka, bado.

Na tuseme ukweli: kama ruta yenu ina uwezo wa kuweka mitandao miwili tofauti, swichi mbili za bei rahisi, moja ya ofisi na moja ya wateja, zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kikundi chenye kompyuta tatu za wanachama pekee, bila wateja, hakihitaji swichi ya kuongozwa hata kidogo. Nunueni ya kawaida, pesa zinazobaki zipeleke umeme wa jua. Kuna pia aina ya katikati, isiyo na mambo yote makubwa lakini inagawanya na inafunguliwa kwa ukurasa wa kawaida kwenye kompyuta. Kwa vituo vingi vya hapa hiyo inatosha.

Sifa ya pili ni kuzuia mzunguko. Hili limetokea zaidi ya mara moja. Mtu anafagia, anaona ncha ya waya iko sakafuni, anaona ni uchafu, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Kumbe ncha ya pili ya waya ule ule iko kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe uliokusudiwa wote unatoka tundu hili, unaingia lile, unatolewa tena, na kila mara unazaa nakala. Ni kama uvumi usio na mwenyewe. Taa zote zinawaka kwa kasi, na kompyuta hazipati chochote. Dawa ya tatizo hili ilibuniwa na mwanamama, Radia Perlman, mwaka 1985: swichi zinaongea zenyewe kwa zenyewe, zikigundua njia mbili za kwenda mahali pamoja zinafunga moja, na ile ya kwanza ikikatika zinafungua iliyofungwa. Swichi za kuongozwa kwa kawaida zina kinga hii, hakikisheni imewashwa. Wenye swichi ya kawaida, mkiona taa zimeshikwa na wazimu, chomoeni waya mmoja mmoja, mpaka zitulie. Wa mwisho kuchomolewa ndiye mkosaji.

Kasi msibabaishwe nayo. Mtaambiwa megabiti 100, mtaambiwa 1000. Kati ya kompyuta na kompyuta ni kweli inasaidia. Lakini intaneti inayotoka nje ina upana wake, na swichi haiongezi hata tone. Ukinunua tangi kubwa, maji ya mfereji hayaji kwa nguvu zaidi.

Umbali nao una mpaka. Kebo ya shaba ya itheneti mwisho wake ni mita 100. Wale wanaotaka kuunganisha kituo na zahanati iliyo ng'ambo ya uwanja, msiunge kebo kwa kebo kwa kuviringisha na gundi ya plastiki, tumeona hiyo. Wekeni faiba. Na kuna sababu nyingine. Mwambao huu unajua radi. Waya wa shaba unaopita nje kati ya majengo mawili ni mwaliko, radi ikipiga karibu inaingia nao mpaka ndani. Faiba ni kioo, haibebi umeme.

Kebo zenyewe chunguzeni. Kuna zinazouzwa kama shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwanguakwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, si shaba. Hukatika ovyo, na kupitisha umeme ndani yake ni hatari ya joto.

Tumetaja umeme ndani ya kebo. Ndiyo, baadhi ya swichi hupeleka data na umeme kwa waya mmoja, hivyo kile chombo cha waifai kilichoko juu ya paa hakihitaji soketi yake. Utaratibu huo ulikubaliwa mwaka 2003, ukatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na mwaka 2009 ukapandishwa hadi wati 30. Ni jambo zuri, lakini fanyeni hesabu ya betri kwanza. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na kwa betri za kawaida za asidi si vizuri kutumia zaidi ya nusu, yaani 600. Swichi ndogo inayokula wati 5 itakaa juu ya hizo 600 saa 120, siku tano nzima. Swichi inayolisha vyombo vingine, ikila wati 60 kwa jumla, itakaa saa 10. Na zile kubwa zilizotumika, zinazouzwa rahisi Nairobi, zina feni zinazolia kama posho mill, na hula umeme kutwa hata matundu yakiwa matupu. Rahisi ghali, si ndiyo?

Feni ina ubaya wa pili huku kwetu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, feni inawavuta ndani mpaka wanakuwa tope. Chagueni swichi isiyo na feni. Iwekeni juu, si sakafuni, ndani ya kabati lenye wavu wa kupitisha hewa na kufuli. Mijusi hupenda joto lake, zibeni matundu yasiyotumika kwa vifuniko.

Kufuli tumeisema kwa sababu. Swichi nyingi za kuongozwa zina kitufe kidogo: ukikibonyeza sekunde kadhaa, kila kitu mlichopanga kinafutika, ukuta unaanguka, na inarudi kama ilivyotoka dukani. Neno la siri halisaidii kitu kama mtoto anaweza kukifikia kitufe kwa kijiti.

Sasa neno la siri lenyewe. Swichi inatoka kiwandani na neno linalojulikana duniani kote, limeandikwa hata kwenye kijitabu chake. Libadilisheni siku ya kwanza. Lakini nani alishike? Tumeona fundi akilishika peke yake, kisha akapata kazi Qatar. Kikundi kikabaki kama mwenye nyumba asiye na ufunguo. Ilibidi wafute yote na kuanza upya, na hakukuwa na karatasi hata moja inayoonyesha nini kilipangwa wapi.

Mapendekezo yetu ni haya, na mnaweza kuyabishia. Liandikwe neno la siri kwenye karatasi, litiwe katika bahasha, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi juu ya gundi, bahasha ikae katika sanduku la kikundi lenye kufuli mbili. Fundi akihitaji kuingia, bahasha inafunguliwa mbele ya watu wawili, katibu anaandika katika kitabu cha kumbukumbu: tarehe, nani, amebadilisha nini. Fundi akiondoka kazini, neno linabadilishwa siku hiyo hiyo. Si kwamba yeye ni mwizi. Hata mweka hazina tunayempenda hatii sahihi ya benki peke yake.

Pamoja na bahasha muwe na daftari la matundu: tundu la 1 linakwenda wapi, la 2 wapi. Kebo zibandikwe namba ncha zote mbili. Matundu yasiyotumika yazimwe ndani ya swichi yenyewe. Ukurasa wa kuongozea ufunguke kutoka upande wa ofisi tu. Mwambieni fundi awanakilie mpangilio wote kwenye faili, mlitunze mahali pengine, sio kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Na mara moja kwa mwezi, kijana mmoja akae afungue ukurasa wa hesabu za kila tundu. Swichi inahesabu kilichoingia, kilichotoka, na vilivyoharibika njiani. Tundu lenye makosa yanayopanda kila mwezi lina kebo mbovu au kichwa kilicholegea. Tundu linalobeba mara kumi ya wenzake, nendeni mkaone nani anapakua sinema kwa pesa za kikundi.

Mzee wa Nyakach ameuliza kama swichi inaweza kuzimwa usiku ili kuokoa betri. Inaweza, mzee, haina neno. Ila katika baadhi ya swichi za kuongozwa, mabadiliko yanakaa kwanza katika kumbukumbu ya muda tu. Fundi asipotoa amri ya kuhifadhi, stima ikipotea yote yanayeyuka, na swichi inaamka na mpango wa zamani bila kuwaambia. Kwa hiyo akisema amemaliza kazi, mwambieni achomoe waya wa umeme mbele yenu, angoje kidogo, arudishe, kisha ule mtihani wa kompyuta ya mteja ufanywe tena. Baada ya hapo ndipo mweka hazina afungue mkoba.